Shajara ya dakti: nilichosafisha mwenyewe na nilichomwachia fundi

Jumamosi, wiki ya pili ya Januari

Kaskazi imeshika na usiku haulaliki. Nyumba yetu iko Tudor, ghorofa ya juu, na aliyeijenga aliweka kitu ambacho nyumba nyingi za Mombasa hazina: kiyoyozi kimoja kikubwa kilichofichwa juu ya dari ya ukumbi, na njia za hewa zinazopita darini mpaka sebuleni, chumbani kwa mamangu na chumba cha watoto. Mafundi huziita dakti. Kwa majirani kila chumba kina mashine yake ukutani. Ukitaka kuisafisha unapanda kiti, unafungua kifuniko, unaona kila kitu. Sisi hatuoni chochote ila grili tatu nyeupe za kutolea hewa, na ile kubwa ya ukumbini inayoivuta hewa kuirudisha kwenye mashine.

Mamangu ana pumu. Tangu mwaka mpya anaamka usiku akikohoa, na kila mashine ikiwaka inatoa harufu. Jana aliniita chumbani kwake: "Mwanangu, hebu njoo unuse. Si kama nguo iliyofuliwa ikasahauliwa ndani ya beseni?" Ndiyo harufu yenyewe hasa.

Nimewapigia simu mafundi wawili. Wa kwanza hakuuliza hata nyumba ina vyumba vingapi. Amesema shilingi 9,000, anakuja kupiga dawa kwenye dakti na harufu inakwisha siku hiyo hiyo. Wa pili amesema hawezi kutaja bei ya kitu asichokiona, na kuja kuangalia ni 1,500. Wote nimewaambia nitawarudia. Kabla ya kutoa pesa nataka nijue kilichomo humo ndani, na kazi ipi naiweza kwa mikono yangu. Nimejitengea wikendi zote mpaka Ramadhani. Daftari hili ni la kuandika kila hatua, pamoja na pale nitakapokosea.

Jumapili

Vipimo kwanza, ili baadaye nisijidanganye. Mashine imewashwa nusu saa, madirisha na milango imefungwa. Hewa inayoingia kwenye grili kubwa ya ukumbini: nyuzi 28. Inayotoka chumbani kwa mamangu: nyuzi 22. Tofauti ni 6. Mashine yenye afya hupoza kwa nyuzi 8 hadi 12, kwa hiyo kuna mahali mashine haifanyi kazi sawasawa.

Kisha nimezima. Kwa rimoti, kwa swichi yake ya ukutani, na kwa swichi kuu ya nyumba. Rimoti haizimi stima, inaiambia mashine ilale tu.

Grili ya chumbani kwa mamangu inashikwa na skrubu nne. Tatu zimetoka, ya nne imeliwa na kutu hadi kichwa hakishiki bisibisi, nikaizungusha kwa koleo. Nyuma ya grili nilitarajia vumbi. Nililolikuta si vumbi linaloruka ukilipuliza. Ni utando mweusi unaonata, umekaa kwenye kingo za bati kama masizi ya jiko la makaa. Nimeusugua baina ya vidole viwili, nikanusa: udi. Mamangu hufukiza kila Alhamisi jioni, chetezo kinapita chumba hadi chumba, na miaka yote mashine imekuwa ikiuvuta ule moshi na kuusambaza. Mafuta ya udi yanashika vumbi, vumbi linashika nyuzi za nguo na nywele, na vyote vinakaa pale unyevu ulipo. Kwenye pembe palikuwa na mayai mawili ya mjusi, meupe, ukubwa wa njugu mawe, moja limepasuka na jingine zima.

Nimefunga simu kwenye mpini wa fagio, nikawasha tochi yake na kurekodi video ndani. Mwanzo wa dakti ni bati gumu, kama urefu wa mkono. Baada ya hapo ni bomba laini lenye mikunjo kama kodiani: ngozi nyembamba ya plastiki ndani, waya uliozungushwa unaoishikilia, na nje sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo za kuzuia joto, iliyofunikwa karatasi ya fedha. Mwanga ulipofika karibu na mashine, ngozi ile ilikuwa na madoa meusi ya mviringo. Hayakuonekana kama masizi.

Jumanne usiku

Nimesoma kwa siku tatu, baada ya watoto kulala.

Wamarekani ndio wenye uzoefu mrefu wa mambo haya, kwa kuwa kwao nyumba ya kawaida ina dakti za kupitishia joto wakati wa baridi na baridi wakati wa joto. Shirika lao la serikali la ulinzi wa mazingira limeandika mwongozo kwa wenye nyumba, na unasema jambo ambalo sikulitarajia: haijathibitishwa kwamba kusafisha dakti kunazuia maradhi. Vumbi jingi limegandamana na kuta za dakti na halitoki kuja chumbani. Kwa hiyo hawashauri kusafisha kila mwaka kwa mazoea. Wanashauri kusafisha ukiwapo ukungu unaoonekana kwa macho, wakiwamo panya au wadudu, au dakti zikiwa zimejaa uchafu hadi unatoka kwenye grili. Kwao kazi hiyo aghalabu ni dola 450 hadi 1,000 kwa mfumo mmoja, na mwongozo unawaonya watu wasimwajiri anayetoa madai makubwa kwamba kazi hiyo inaleta afya.

Mambo mengine mawili nimeyapigia mstari. Kwanza, ukungu ukisafishwa na kilichouotesha hakijarekebishwa, utarudi. Pili, sufi ya kioo ikisharowa na kuota ukungu haisafishiki ikatoka safi. Inatolewa na kuwekwa mpya. Wala hakuna dawa ya kuua vijidudu iliyosajiliwa kwao kwa ajili ya kupulizwa kwenye dakti zenye sufi ndani. Nimemkumbuka yule wa 9,000.

Kwa upande wa mamangu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na linauhusisha waziwazi na dalili za pumu na matatizo ya kupumua. Basi mashaka yangu yamehama. Udi na vumbi ni uchafu, nitautoa. Madoa meusi ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Jumamosi, wiki ya tatu

Siku ya kuosha. Barakoa ya N95, glavu, miwani, shuka kuukuu sakafuni na kitanda cha mamangu kimefunikwa nailoni. Mwenyewe nimempeleka kwa dada yangu Kongowea tangu asubuhi, kwa kuwa mtu wa pumu hafai kuwa ndani nyumba ikitimuliwa vumbi.

Grili zote nne zimelowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, zikasuguliwa kwa mswaki. Chujio lipo moja tu, nyuma ya grili kubwa ya ukumbini. Nililitoa likiwa na blanketi la kijivu la unene wa kidole. Nyumba tumekaa miaka minne na sikujua kama lipo. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyaona. Mashine ya ukutani chujio lake linajulikana hata na mtoto, hili lilifichwa na sisi hatukuuliza. Nimeliosha mara tatu mpaka maji yakatoka meupe, nikalianika kivulini. Jua la mchana hapa linakunja fremu ya plastiki.

Bati la mwanzo wa kila dakti nimelivuta vumbi kwa mashine ya kufagilia, kisha nimelipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa sana. Mpaka hapo kazi ilikuwa nzuri na ya kuridhisha.

Kosa ndilo hili. Nilinunua brashi ya mviringo, ile ndefu ya kusafishia mabomba, nikaifunga kwenye mpini na kuisukuma ndani ya dakti ya chumba cha watoto ili nifike mbali zaidi. Iliingia vizuri. Nilipoivuta, nywele zake zilishika ule waya wa ndani, nikahisi kitu kikiachia. Nimeingiza simu kutazama: ngozi ya plastiki imechanika, upana wa kiganja, na sufi ya kioo inachungulia. Maana yake hewa ya chumba cha watoto sasa ingepita kwenye nyuzi za kioo. Nimeziba ile grili kwa nailoni na mkanda wa gundi papo hapo. Watoto watalala sebuleni mpaka itengenezwe.

Mtu akiniuliza mpaka wa kazi ya nyumbani uko wapi, nitamwonyesha hapo: mkono unapoishia na bati linapoishia. Bati gumu linavumilia brashi. Bomba laini halivumilii, na ukilichana hulioni.

Jumapili

Leo mashine ya nje. Imefungwa ukutani upande wa hori ya Tudor na inapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Koili yake ni mabomba ya shaba yaliyopitishwa kwenye mapezi ya aluminiamu membamba kama wembe. Shaba na aluminiamu zikigusana pamoja na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unaiona inageuka unga mweupe, ukiigusa inamomonyoka. Upande wetu wa chini tayari kuna kipande cha ukubwa wa kitabu kilichokufa namna hiyo.

Jambo la kuwaambia wote wanaokaa kisiwani: usioshe mashine hii kwa maji ya kisima. Kisima cha kiwanja chetu ni cha maji ya chumvi, kama vingi vya hapa, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kuiongezea mashine maradhi. Nimemsimamisha mwenye mkokoteni nikanunua mitungi minne ya maji matamu, shilingi 30 kila mmoja. Stima imezimwa kwenye swichi kuu. Nimetoa majani na manyoya ya kunguru kwa mkono, nikapiga brashi laini kutoka juu kwenda chini kufuata mapezi, maana ukiyapiga kwa kukingama yanalala na hewa haipiti. Kisha maji, kwa kopo, polepole, kutoka ndani kwenda nje. Presha ya mashine ya kuoshea magari inayalaza mapezi yote kwa dakika moja. Siki sikuitia, wala dawa ya klorini. Zote zinaila aluminiamu.

Kile kifuniko cha upande chenye waya sikukigusa. Ndani yake kuna kapasita, na kapasita huweka umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Hapo si pangu.

Karibu na mashine hiyo kunatoka mpira wa kumwagia maji ya kiyoyozi. Ni mkavu kabisa, na chini yake ukutani hapana hata alama ya maji. Nimeona ni afadhali, hatumwagii jirani wa chini uchafu wetu.

Jioni nimepima tena, chujio safi na mashine ya nje safi: 28 inaingia, 20 inatoka. Tofauti ya 8 kutoka 6, kwa sabuni na maji ya 120. Nilifurahi sana. Saa mbili usiku harufu ilirudi vilevile.

Jumatano jioni

Ami amepita baada ya magharibi. Alifanya kazi melini miaka mingi, kwenye mashine za baridi, na sasa amestaafu. Nilimwonyesha video, madoa, brashi na mpasuko. Alisikiliza, akanywa kahawa yake, kisha akauliza jambo moja tu:

"Maji yake yanamwagikia wapi?"

Nikamwambia kuna mpira kule nyuma, lakini haumwagi.

Akaweka kikombe chini. "Mashine hii inafanya kazi Mombasa, mwezi wa kwanza, na mpira mkavu? Basi hayo maji yamekwenda wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hewa yetu hapa imebeba unyevu mwingi; ikigusa koili ya baridi, ule unyevu unageuka maji, kama yale yanayotiririka nje ya gilasi ya sharubati. Kiyoyozi kikubwa kinaweza kutoa ndoo nzima kwa siku. Yanaanguka kwenye trei chini ya koili na kutoka kwa mpira. Yasipotoka kwa mpira yanatoka kwingine.

Tumepanda ngazi wote wawili, Ami na umri wake, nikimshikia. Akatia mkono kwenye uwazi wa dari, akaushusha na kunionyesha. Kiganja kilikuwa kimelowa na kina weusi wa ukungu. Tumemimina gilasi mbili za maji kwenye trei. Hazikwenda. Akaagiza pimamaji, nikaliweka juu ya bomba la kutolea maji: kiputo kikakimbilia upande wa nje. Bomba lilipaswa kuteremka kuelekea nje, angalau sentimita moja kwa kila mita. Letu linapanda. Kamba iliyolishikilia ilikatika zamani, bomba likalala katikati, likajaa uteute mzito na kuziba. Maji yote ya miaka sijui mingapi yalikuwa yanafurika trei na kuingia kwenye sufi ya kioo ya dakti ya mamangu, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi.

"Wewe umeandama vumbi," Ami aliniambia, "na vumbi halijamtia mamako kikohozi peke yake. Kausha kwanza."

Tumezima mashine. Mpaka fundi aje tutalala na feni na madirisha wazi. Nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti iliyo juu sana, haikuwa na kiyoyozi na watu walilala. Hii yetu ina madirisha madogo na dari fupi. Imejengwa kwa kutegemea mashine.

Jumamosi, wiki ya mwisho ya Januari

Mafundi watatu wamekuja kuangalia. Sasa najua cha kuuliza, na hiyo ndiyo faida kubwa ya wikendi zangu mbili za jasho.

Mmoja hakupanda ngazi. Aligusa hewa ya sebuleni kwa kiganja akasema gesi imepungua, ni desturi kuongeza kila mwaka, 6,000. Nimemkatalia kwa heshima. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na ikipungua maana yake panavuja. Anayeongeza bila kutafuta tundu anauza gesi ya kwenda hewani. Mashine yetu ina R-410A. Haiharibu tabaka la ozoni kama R-22 ya zamani, ile inayoondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, lakini kilo moja ikivuja inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Tena presha yake ni kubwa kuliko ya R-22, vifaa vya kuipimia ni vyake. Mtu wa nyumbani asiiguse kabisa.

Wa pili alitaka kupiga dawa yenye harufu ya waridi. Nikamuuliza atafanyaje na sufi iliyorowa. Akasema dawa itaikausha.

Wa tatu ni yule aliyekataa kutaja bei kwa simu. Alipanda, akakaa darini dakika arubaini, akashuka na picha kwenye simu yake. Kabla sijasema neno alinionyesha bomba lililolala na akanionyesha mpasuko wangu. "Hapa palipita brashi," alisema, bila kunilaumu. Nilimuuliza atazibaje vyumba vumbi lisiingie, atavuta kwa mashine gani, atafanya nini na mabomba laini. Alijibu yote: mabomba laini mawili hayasafishwi, yanatolewa, bati linasafishwa, koili ya ndani inaoshwa pale pale, bomba la maji linafungwa upya. Bei 34,000, na ile 1,500 ya kuangalia ikiwamo. Ni pesa nyingi kwetu. Nimekubali.

Jumanne, siku ya fundi

Wamekuja saa mbili asubuhi, yeye na kijana wake. Nimechukua ruhusa kazini nipate kuona.

Waliziba kila grili kwa nailoni na mkanda. Kwenye shina la bati, njia kuu ya hewa iliyo karibu na mashine, walikata mlango mdogo, wakaunganisha mpira mpana wa mashine ya kuvutia vumbi inayowekwa nje barazani. Ilipowashwa, zile nailoni zote zilivutwa ndani kwa mpigo na kutuna kama tanga lililoshika upepo, ila kwa ndani. Nilielewa palepale kwa nini kazi yangu haikuwa sawa na yake. Mimi nilisukuma na kupangusa kutoka upande wa chumba, kila nilichokiachia kilibaki humo au kikaniangukia. Yeye alihakikisha hewa yote inakwenda upande mmoja, nje, halafu ndipo akaanza kusugua, kutoka mwisho wa mbali kuja kwenye shina. Chembe ikibanduka haina pa kwenda ila kwenye mfuko.

Mabomba laini mawili yalishushwa yakiwa yamefungwa nailoni ncha zote. La chumba cha mamangu lilipasuliwa chini uani nikalitazama. Ngozi ya ndani nyeusi kwa mita mbili. Sufi, ambayo inafaa iwe nyepesi na ya manjano, ilikuwa nzito kama tambara la kudekia. Kijana aliikamua kwa glavu na maji yakatiririka. Ile 9,000 ya dawa ingepulizwa juu ya hiyo.

Koili ya ndani walikinga kwa nailoni iliyofungwa kama faneli kwenda kwenye ndoo, wakaipulizia povu la kusafishia koili lisilo na asidi, wakasuuza kwa maji matamu. Ndoo ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ya tatu ilikuwa safi.

Bomba la maji lilichukua nusu saa tu. Fundi alilitoa, akalizibua, akalifunga kwa vishikizo vinne vya bati vilivyopigwa skrubu kwenye boriti badala ya kamba, na akaniita mimi niweke pimamaji mwenyewe. Kisha akamimina jagi zima kwenye trei. Tulisikia maji yakienda, kisha yakadondoka nje.

Saa kumi alasiri walikuwa wamemaliza. Alipima gesi mbele yangu, haikupungua.

Jumapili

Vipimo: 28 inaingia, 17 inatoka chumbani kwa mamangu. Tofauti 11.

Hesabu. Vitu vyangu, yaani kipima joto, brashi, barakoa, glavu, sabuni na maji, 2,220. Kwa fundi: kusafisha dakti za bati 18,000, mabomba laini mapya 8,500, sufi mpya ya shina 3,000, koili ya ndani 2,500, bomba la maji 2,000. Bomba la watoto lingepona, nililiua mimi.

Nimeitazama orodha hii muda mrefu. Kilichoturudishia nyumba ni ile 2,000 ya mwisho. Bila hiyo, 32,000 zote zingerudi kuwa nyeusi kabla ya masika kwisha. Na kama miaka minne iliyopita tungemimina gilasi ya maji kwenye trei na kutoka nje kutazama mpira, tungelipa hizo 2,000 peke yake.

Ratiba niliyobandika nyuma ya mlango wa stoo: chujio kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, mimi au binti yangu mkubwa, ameshajifunza. Grili kila mwezi. Mashine ya nje kwa maji matamu kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi kaskazi inapokwisha. Gilasi mbili za maji kwenye trei kila mwezi. Ndani ya dakti hatuingizi kitu. Fundi ataitwa tofauti ikishuka chini ya 8, harufu ikirudi, au mpira ukikauka.

Mamangu mwenyewe ameamua chetezo kisipite tena chini ya grili ya ukumbini. Atafukiza mashine ikiwa imezimwa na madirisha wazi, kisha moshi ukishatoka ndipo tuwashe. Sikumwomba. Alipoona ule mweusi kwenye kitambaa alikiri ni udi wake, akautambua kwa harufu.

Siku mbili kabla ya Ramadhani

Mamangu amelala usiku kumi na mbili mfululizo bila kuamka kukohoa. Sitaandika kwamba dakti ndizo zilizomponya. Daktari pia alimbadilishia dawa ya kuvuta wiki hiyo hiyo, na udi umepungua chumbani. Ninachoweza kukishuhudia ni kwamba harufu haipo na dari ni kavu. Nimepanda kuigusa mara tatu.

Jirani wa chini amelalamika, kwa upole, kuwa sasa maji yanamdondokea kwenye kamba yake ya nguo. Nimeurefusha mpira mpaka uani na kuweka ndoo ya lita 20. Leo tumewasha baada ya adhuhuri na magharibi ilikuwa imejaa. Mamangu amewaambia watoto wasiyamwage ovyo. Wamekwenda kuyamwagia asumini zake, kopo kwa kopo, na ndoo imerudishwa chini ya mpira.